Maoni Kuhusu Kitabu cha Roy Keane: Muulize Kwanza Kama Amekisoma

Msomaji mmoja wa Sengerema kaniandikia. Anataka kununua kitabu cha maisha ya Roy Keane, nahodha wa zamani wa Man U na Ireland, kile cha 2002, ila maoni ya watu yamemvuruga: huyu anakisifu kwa ukweli wake, yule anadai ni cha mkorofi anayejivunia ukorofi. Amwamini nani?

Najua wengi mnaonifuatilia mnataka kuwa wachambuzi kama mimi. Basi nisikilizeni.

Kitabu hicho tulikijadili kijiweni kwetu Kirumba hadi kahawa ikaisha. Mashabiki wa Man U walimtetea Keane kama ndugu yao wa damu. Wa Arsenal walimlaani kwa ile rafu ya Aprili 2001 aliyomchezea Alf-Inge Haaland wa Man City, baba yake mshambuliaji Erling Haaland. Nikauliza: nani hapa amekisoma? Kimya. Walichoona ni vipande kwenye simu. Ndipo mzee mmoja, ninayemheshimu hadi leo, akanigeukia: "Wewe kijana hata ndondo hujacheza, utamchambuaje Keane?" Watu wakacheka. Bado linaniuma, sifichi. Sikuwa nauchambua mguu wa Keane, mzee wangu. Nilikuwa nazungumzia kitabu, na kitabu haki yake ni kwa aliyekisoma.

Nilichosema siku ile nakirudia: sauti iliyomo si ya Keane peke yake. Mwandishi wake ni mwanahabari Eamon Dunphy. FA, yaani Chama cha Soka cha England, ilipomshtaki Keane kwa maneno yaliyoonyesha kwamba rafu ile ilikuwa ya kulipiza kisasi, Dunphy aliieleza kamati kuwa sehemu hiyo aliiandika kwa maneno yake mwenyewe. Hata hivyo Keane alifungiwa mechi 5 na kupigwa faini ya paundi 150,000. Asiyelijua hilo atamhukumu mtu kwa sentensi ambayo huenda hakuitamka. Hoja hii ndiyo iliyonifikisha redioni hapa Mwanza hivi karibuni, na nilipotoka studio simu haikutulia. Namshukuru Mungu.

Kwa hiyo, kabla hujabeba maoni ya mtu, muulize: umekisoma? Umekisoma chote? Unashabikia timu gani? Vijana wenzangu, tuache uvivu. Huwezi kudai watu wakusikilize juu ya kitabu ulichosimuliwa na mwenzako, naye kasimuliwa. Soma, ndugu yangu. Soma hata pale panapokukera, hasa hapo.

Na usikubali kulazimishwa kuchagua upande. Mwaka ule ule wa 2002, Ireland ilikwenda kisiwani Saipan kujiandaa na Kombe la Dunia. Uwanja wa mazoezi ulikuwa mgumu, mipira na vifaa vikachelewa. Keane akalalamika, akagombana na kocha Mick McCarthy mbele ya kikosi kizima, akarudi kwao bila kucheza hata mechi moja. Wasomaji wanavutana juu ya hilo hadi leo. Mimi kwenye uwanja na mipira niko naye: mchezaji aliyekwenda kushindana ana haki ya kudai vifaa vya kazi. Lakini kumporomoshea kocha matusi mbele ya wachezaji wadogo, hapo nimemkatalia, na nilikisoma hadi ukurasa wa mwisho bila kubadili msimamo.