Pima maelezo ya zana kwa maneno ya fundi

Jumanne moja, kabla ya alfajiri, simu ya fundi mkuu wetu ililia kule Langoni, mtaa wa Lamu. Ujumbe ulisema chokaa imechelewa kufika Mokowe, gati la upande wa bara. Jua lilipotoka akanikuta barazani. "Mwanangu," akanambia, "simu yasema nimechelewa na hata adhana haijatolewa?"

Siku mbili nyuma alikuwa amemwambia wakala wa akili unde, aliyemo ndani ya programu yetu ya miradi: chokaa yafika Mokowe Jumanne saa tatu, weka. Wakala akaweka 03:00. Kwa mtu wa Lamu lori la saa tatu ni la asubuhi, 09:00, mashua ipakie na punda wawe wanangoja gatini.

Mchana kutwa niliilaumu modeli, yaani akili unde inayomwendesha wakala. Jioni nikafungua maelezo niliyoiandikia zana ya unda_kazi (zana ni kitendo ambacho wakala anaweza kukiita ndani ya programu): "Huunda kazi mpya katika mradi." Kwenye kigezo cha muda, yaani nafasi ambayo wakala huijaza saa, kulikuwa na maneno matatu: "Muda wa mwisho." Modeli haioni msimbo wako. Katika itifaki ya MCP (kanuni za kumuunganisha wakala na programu), ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024 na ndiyo tunayoitumia, zana hujieleza kwa jina lake, maelezo yake na muundo wa vigezo vyake. Usichokisema hapo, wakala atabahatisha.

Tangu hapo siyapitishi maelezo ya zana kwa kuyasoma na kuyaona mazuri. Nayapima. Nawe ukijenga kitu cha aina hii kwa watu wa pwani, anza kwa kukusanya maneno yao wenyewe. Nilichukua sentensi 40 kutoka kwa mafundi wanaokarabati nyumba za mawe za mji wa kale, kwa ruhusa yao. Mbele ya kila moja nikaandika zana inayopaswa kuitwa, thamani za vigezo, na hali inayotakiwa kubaki kwenye programu. Sentensi unazozitunga mwenyewe mezani hufaulu kirahisi kwa kuwa zinafanana na maelezo uliyoyaandika wewe. Fundi hasemi "unda kazi yenye muda wa mwisho". Husema "usiku wa Ijumaa tushushe mawe", na kwa wazee wetu huo ni usiku unaoingia magharibi ya Alhamisi.

Tia pia sentensi zisizohitaji zana yoyote. "Chokaa hii ilowekwe siku ngapi?" ni swali tu, wakala akikimbilia kuunda kazi, maelezo yako yanavuta mno. Tia na zile ambazo jibu sahihi ni kuuliza: "Zidaka za chumba cha ndani mpe Ali," na mradi una Ali wawili. Kila sentensi iendeshe angalau mara tano, maana modeli hupatia sasa na kukosea baada ya dakika.

Kosa lililonifunza kuliko yote halikuonekana kuwa kosa. Nilikuwa na orodhesha_kazi, "hutoa kazi za mradi," na tafuta_kazi, "hupata kazi za mradi." Fundi aliposema "ile ya kupiga neru ukumbini ishakwisha," wakala aliita orodhesha_kazi, ambayo hurudisha kazi 50 za mwanzo. Ya neru ilikuwa chini zaidi. Alipoikosa akaunda nyingine yenye jina lilelile, akaifunga, kisha akajibu kwa adabu kwamba kazi imekamilika. Jibu halikuwa na doa. Ndani ya programu kazi ya asili ilikuwa bado wazi. Kwa hiyo usisome majibu ya wakala peke yake; fungua hifadhidata uone kilichobaki.

Niliyaandika upya. Ya tafuta_kazi: "Tumia mtumiaji anapotaja kazi fulani. Usipoipata, muulize, usiunde mpya." Ya orodhesha_kazi: "Tumia anapotaka kuona mradi mzima. Hurudisha kazi 50 kwa mara moja. Kazi isiyoonekana hapa huenda ipo." Sentensi ya neru ikapita mara tano kati ya tano. Lakini "nionyeshe kazi za wiki hii," iliyokuwa ikipita, ikaanza kwenda tafuta_kazi. Ndiyo sababu nabadilisha maelezo ya zana moja tu kwa wakati, kisha naendesha sentensi zote upya. Kumi kati ya hizo sizitazami kabisa ninapoandika, nisije nikayashona maelezo yakafaa mtihani tu.

Mifano nayo ina hatari yake. Niliwahi kuweka "mfano: mifuko 20 ya chokaa", na wakala akawa anajaza chokaa hata fundi aliposema mifuko bila kutaja ya nini. Mfano wa muundo ndio uliosaidia: "saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00, isipojulikana, uliza."

Ujumbe wa makosa uhesabu kuwa sehemu ya maelezo. Seva yangu, yaani upande wa programu unaopokea maombi ya wakala, ilikuwa ikijibu "thamani si sahihi", na wakala akarudia kosa lilelile mara tatu. Sasa humwambia kilichotakiwa. Kufuta ni habari nyingine: MCP inakuruhusu kuitia zana alama kwamba inaharibu, lakini alama hiyo ni dokezo tu, kwa hiyo uthibitisho nimeuweka kwenye seva yenyewe.

Wiki iliyopita fundi alimwambia wakala mawe yatafika Jumamosi saa tatu. Wakala akamuuliza: asubuhi au usiku? Mzee akanipigia simu, amekereka. "Mwanangu, lori lije usiku nani ashushe?" Ana haki. Sentensi yake nimeiongeza kwenye orodha, sasa ni 41, na leo naandika upya maelezo ya kigezo cha muda.