Kabla hujatuma hela India: babu wa reli hatafutwi kwa jina lake peke yake

Mleta mada, usitume hiyo milioni mbili na nusu. Kama umeshatuma nusu, iache ipotee, usiifuate na nusu nyingine.

Umeandika kwamba baba yake bibi yako alikuwa Mhindi wa reli, bibi alizaliwa Tabora mwaka 1936, na sasa kuna wakala amekutumia picha ya orodha ya vibarua wa reli walioshuka Mombasa mwaka 1898, jina la mzee limezungushiwa wino mwekundu. Anataka hela aende Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan, akutafutie ndugu.  Ila nilipofika kwenye wino mwekundu niliweka simu chini, maana picha kama hiyo ninayo. Yangu ilizungushiwa kwa bluu.

Fanya hesabu kwanza. Kijana wa miaka 20 mwaka 1898 alikuwa na miaka 58 bibi yako alipozaliwa. Haishindikani, lakini kwa nini uanzie huko? Reli ile ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Wahindi walioletwa kwa mkataba walikuwa zaidi ya 31,000, karibu 2,500 wakafia kazini, wengi wakarudi kwao, waliobaki huku hawakufika 7,000. Reli yetu ni habari nyingine. Mjerumani aliianza Dar mwaka 1905, akafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na waliochimba na kubeba mataruma walikuwa hasa Waafrika. Mafundi wengi wa Kihindi tunaosimuliwa habari zao, wa Tabora na wa karakana za Gerezani, waliajiriwa na reli ya Tanganyika baada ya Mwingereza kuishika nchi. Kwa hiyo Mhindi aliyezaa Tabora mwaka 1936 ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mwajiriwa wa miaka ya 1920 au 1930 kuliko kibarua wa 1898. Wakala hakukwambia hilo, kwa sababu orodha aliyonayo mkononi ni ya 1898.

Sasa jina. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu wa Punjab, jina lake likiishia na Din. Unajua reli ilikuwa na akina Din wangapi? Ni sawa na kwenda Kariakoo kumtafuta Juma. Kwa Masingasinga ndiyo usiseme, kila mwanaume ni Singh. Ongeza na makarani wa Kiingereza waliokuwa wakiandika walivyosikia: leo Din, kesho Deen, kesho kutwa Dean. Mimi nililiona jina, nikaona Punjab, nikaona reli, nikalia. Ndivyo nilivyonaswa.

Ilikuwa 2014. Wakala wangu alikuwa na ofisi ghorofani hapa mjini, ramani ukutani, anazungumza kwa upole kama imamu. Alinitoza kidogo kidogo: ada ya kufungua faili, ada ya kutafuta, ada ya mtu wa kule. Baada ya miezi minane akaniletea ukoo mzima uliochorwa kwenye karatasi kubwa, na namba ya simu ya familia iliyoko Sialkot, Pakistan. Tukapiga. Kule wakalia, na huku tukalia. Walikuwa na mzee wao aliyekwenda Afrika kujenga reli na hakurudi. Jina lile lile.

Basi tukawa ndugu. Mwaka mzima tulituma vijihela: harusi ya binti, matibabu ya mzee mmoja. Hawakuomba, sisi ndio tulijisikia kutoa. Mwaka 2016 nikauza kiwanja changu cha Chanika, nikampeleka mama. Alikuwa na miaka 73, hajawahi kupanda ndege. Alichota udongo kwenye kaburi la baba yake pale Kisutu, akautia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa cha khanga. Uwanja wa ndege walilifungua mara mbili, na mara zote mbili alisimama pale hajasogea mpaka wakamrudishia. Kule Sialkot wakatupeleka kwenye kaburi la mzee waliyesema ndiye babu yake mama. Akapiga magoti, akamimina ule udongo wa Dar juu yake, akausawazisha kwa kiganja taratibu, kama mtu anayepiga pasi nguo ya mtoto. Akasoma Fatiha. Alisema sasa hata akifa, baba yake ameshafika nyumbani.

Mwaka 2019 mama mkubwa, dada yake mama, akafariki Tabora. Baada ya arobaini tukafungua sanduku lake la bati. Kulikuwa na doti za khanga ambazo hazijakatwa, risiti za kodi, na bahasha ya kaki. Ndani yake karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imelika mpaka mwanga unapita, muhuri wa reli pembeni. Cheti cha utumishi cha babu. Kimepigwa taipu: jina lake, kisha herufi s/o, yaani mwana wa, kisha jina la baba yake, kijiji chake, Tehsil Nakodar, District Jullundur (tehsil ni sehemu ya wilaya, kama tarafa kwetu). Na mwaka wa kuajiriwa: 1927.

Jina la baba siyo lile la Sialkot. Wilaya siyo ile. Na Jullundur, siku hizi Jalandhar, wala haiko Pakistan, iko India. Mzee wa orodha ya 1898 alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nilimsomea mama pale pale mkekani. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza, "Sasa yule niliyemsomea Fatiha ni nani?"

Nimejumlisha: nauli, viza, ada za wakala, zile tulizotuma, ni milioni 14 na ushee. Kiwanja kile leo kingekuwa na nyumba. Lakini kilichoniuma kuliko hela ni simu niliyopaswa kupiga Sialkot. Wale watu hawakuwa matapeli. Walikuwa wanamtafuta mzee wao kama sisi tulivyomtafuta wetu, na baadaye nikagundua kwamba yule bwana aliwatoza na wao pia, kwa kuwaambia amewapatia kizazi chao kilichopotea Afrika. Alishika jina moja, akaliuza mara mbili, kwa familia mbili zenye kilio kimoja. Nilipomfuata ofisini aliniambia eti tafiti za ukoo zina asilimia yake ya makosa. Nilitetemeka. Mama yangu ni asilimia?

Na cheti kilikuwa Tabora muda wote. Mama mkubwa alikuwa nacho toka babu alipofariki mwaka 1951. Hakukificha. Hakuna aliyemwuliza. Nilipita juu ya kichwa chake kwenda Pakistan.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: jina la mzee, jina la baba yake, kijiji, tehsil, wilaya. Vitu vitano. Pungufu ya hapo usivuke bahari, usimlipe mtu, usipige simu kwa familia yoyote. Kijiji bila tehsil hakitoshi, majina ya vijiji vya Punjab yanajirudia kama Majengo yanavyojirudia kila mji wetu. Uzuri ni kwamba Wahindi wa enzi hizo walikuwa wakiandikwa hivyo, na jina la baba halikuachwa nyuma. Ndilo linalomtenganisha Din na Din.

Na vitu hivyo vitano vinaanza kutafutwa ndani ya nyumba za watu wenu. Cheti cha utumishi, karatasi za akiba ya uzeeni zenye jina la mrithi, bahasha za barua zenye anwani ya mtumaji, pasipoti ya zamani, daftari la ndoa la msikiti au hekalu. Kaburi nalo, soma jiwe mpaka nyuma. Ukimaliza hapo nenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Omba kibali, na uende na mwaka na kituo cha kazi, usiende na jina tupu. Ujue pia kuwa mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda, makao makuu yakawa Nairobi. Kama mzee wako alikuwa bado kazini baada ya hapo, huenda ukalazimika kuulizia na kule.

Nikiwa na vile vitano, kilichonichukua miaka mitano na wakala kilinichukua miezi. Vijiji vya Punjab vina karani wa ardhi anayeitwa patwari, na kwenye kumbukumbu zake kuna shajra nasb, yaani mti wa ukoo wa wenye mashamba wa kijiji. Ukoo usiokuwa na ardhi haumo, hilo nalo ulijue. Za zamani zimeandikwa kwa Kiurdu. Mwalimu mmoja mstaafu wa kule alikwenda kunisomea, hakutaka malipo, nikamlipia nauli tu. Jina la baba yake babu lilikuwepo, na chini yake wana watatu, wa pili ni babu.

Kijijini hayupo hata mmoja wao. India ilipogawanywa mwaka 1947, na Punjab yenyewe ikakatwa magharibi ikawa Pakistan na mashariki ikabaki India, Waislamu wa Jalandhar karibu wote walihamia Pakistan, na wengi walipewa mashamba Lyallpur, inayoitwa Faisalabad sasa. Kwa hiyo karatasi ziko nchi moja na watu wako nchi nyingine. Kama mzee wako alikuwa Mwislamu wa upande wa mashariki, au Singasinga au Mhindu wa upande wa magharibi, utakutana na hilo hilo, na hapo ndipo mawakala wanapowachota watu, kwa sababu wanakuonyesha nchi wanakoishi watu na kuruka ile yenye karatasi. Safari hii naenda polepole. Nina jina la mtoto wa kaka yake babu, na sijapiga simu yoyote mpaka majina ya kizazi kile yalingane yote.

Hujasema kama bibi yako yuko hai. Kama yuko, au ana mdogo wake hata mmoja Tabora, wikiendi hii panda treni uende, beba sukari na sabuni, kaa naye siku nzima. Usianze na India. Muulize vitu vya marehemu baba yake viliishia kwa nani na sanduku liko nyumba gani. Ukiona karatasi yoyote yenye s/o ipige picha mbele na nyuma, uilete hapa. Mwandiko wa wale makarani nimeshauzoea, nitakusomea.