Koili ya Mota na Bobini ya Cherehani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Mota ya cherehani yangu iliungua, na fundi wa kuwaindi alipoifungua niliona waya wa shaba umeviringishwa vilevile nijazavyo uzi kwenye bobini, tena waya mtupu usio na plastiki. Mbona umeme hauruki kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine? Na je, naweza kuuviringisha mwenyewe kwa kijazio cha bobini?

JIBU: Waya ule si mtupu, ndugu fundi. Umepakwa vanishi isiyopitisha umeme, ambayo unene wake ni sehemu chache tu za mia za milimita, ndiyo maana macho huona shaba pekee. Kwangua ncha yake kwa wembe, nawe utaona rangi ya kahawia ikibanduka na shaba yenyewe iking'aa chini yake.

Kabla ya vanishi kuzoeleka, kazi hiyo ilifanywa na bidhaa unazozijua wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1820, mwanasayansi Joseph Henry wa Albany, Marekani, alivika waya hariri, akaweza kuuviringisha tabaka juu ya tabaka na kupata sumaku zenye nguvu kubwa. Naye mwanasayansi mwenzake Michael Faraday, mjini London, Agosti 1831, alitenganisha mizunguko ya koili (waya ulioviringishwa) zake maarufu kwa kamba nyembamba na kitambaa cha pamba.

Lakini kufanana kunaishia kwenye umbo. Uzi hukaa kwenye bobini ukisubiri kutoka, wala hakuna anayejali umezunguka mara ngapi. Waya wa koili hautoki, na mizunguko yenyewe ndiyo kazi yake, kwa kuwa kila mmoja huongeza nguvu ya sumaku. Kwenye kiini kilekile cha chuma, mizunguko 500 yenye mkondo wa ampea 1 hulingana na mizunguko 100 yenye ampea 5. Vanishi ikichubuka na mizunguko miwili ikagusana, hutokea pete iliyojifunga, na umeme wa nyumbani, ambao hubadili mwelekeo kila mara, huzalisha ndani ya pete hiyo mkondo mkali unaoiunguza pamoja na jirani zake. Ile harufu kali ya mota inayoungua aghalabu ni ya vanishi hiyo.

Kuhusu kijazio, sikushauri. Visahani vinavyokaza uzi vinaweza kuukwaruza waya, na kijazio huacha kuzunguka bobini ikijaa, ilhali koili haikomi kwa kujaa bali kwa hesabu. Mafundi huviringisha juu ya kalibu, wakihesabu, kwa waya wenye unene uleule wa awali. Mota ndogo za cherehani kwa kawaida huwa na koili mbili zinazofanana kwenye sehemu isiyozunguka. Iwapo moja imeungua hadi kugandamana, fumua ile nyingine isiyoungua taratibu, ukihesabu mizunguko yake kabla ya kukata waya mpya.