Kabla hujaagiza lenzi ya gerimani, uliza kwanza habari ya joto

Mtu akiniambia anataka lenzi au dirisha la gerimani, ile elementi ya kijivu inayopitisha miale ya joto, swali langu la kwanza ni hili: kifaa chako kitafanya kazi kwenye joto gani? Wengi hushangaa. Wamekuja na mchoro, wanajua kipenyo na unene wanaotaka, wameshalinganisha bei za wauzaji, lakini joto la mahali kifaa kitakapokaa hawajaliandika popote. Nimeshughulika na lenzi na madirisha ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, kwa muda mrefu, ya kamera za joto na ya vipimajoto vya viwandani, na malalamiko mengi niliyoyasikia juu ya gerimani, ukiyafuatilia hadi mwisho, yanakufikisha kwenye joto.

Gerimani yenyewe naipenda, tena sana. Kioo cha kawaida huanza kukata miale ya infraredi karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 3 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo sababu kamera ya joto ikielekezwa dirishani haioni kilicho upande wa pili. Mwili wa binadamu, ukuta, mota, na vitu vyote vyenye joto la kawaida hutoa miale ambayo kilele chake kiko karibu na mikromita 9 au 10, na kamera nyingi za joto zimetengenezwa kusoma kati ya 8 na 14. Gerimani hupitisha kuanzia karibu mikromita 2 hadi 14. Mwanga tunaouona kwa macho haipitishi hata chembe. Ukiishika unaweza kuapa kwamba ni chuma kilichong'arishwa: ya kijivu, nzito, na unajiona uso ndani yake.

Nguvu yake kubwa iko kwenye indeksi ya mpindo, yaani kiasi inavyoupinda mwanga. Kioo cha kawaida kina takriban 1.5, gerimani ina 4. Kwa sababu hiyo lenzi yake haihitaji kuchongwa mviringo mkubwa ili ikusanye miale. Mchongo mdogo tu unatosha, na ukungu unaoletwa na umbo la mviringo unapungua sana. Jambo la pili, ambalo wasanifu wa lenzi hulithamini kuliko wanunuzi wanavyojua, ni kwamba kati ya mikromita 8 na 12 gerimani haitawanyi urefu wa mawimbi karibu kabisa. Namba yake ya Abbe, ambayo ikiwa kubwa kioo hutawanya mawimbi kidogo, katika eneo hilo inapita 800, wakati vioo vya kamera za kawaida viko kati ya 20 na 90 hivi. Lenzi moja au mbili za gerimani peke yake zinakupa picha safi bila kutafuta kioo cha pili cha kusahihisha rangi. Ukihamia mikromita 3 hadi 5 hali inabadilika: namba hiyo inashuka hadi karibu 100, na hapo kazi kubwa ya kukusanya miale hupewa silikoni, elementi nyingine inayopitisha infraredi, huku gerimani ikibaki kuwa lenzi hasi (inayotawanya miale) ya kusahihisha.

Lakini indeksi hiyo hiyo ya 4 ina gharama yake. Kila uso wa gerimani iliyo tupu hurudisha asilimia 36 ya miale inayoupiga. Ukizijumlisha nyuso mbili, pamoja na miale inayorukaruka ndani, kipande kisicho na utando, yaani tabaka jembamba la kuzuia mwakisiko juu ya uso, hupitisha asilimia 47 tu. Zaidi ya nusu ya ulichokuwa unataka kukiona kimepotea kabla hakijafika kwenye sensa. Kwa hiyo utando wa kuzuia mwakisiko hauhesabiwi kama nyongeza ya hiari. Ukiwekwa vizuri, wastani wa upitishaji kati ya mikromita 8 na 12 unapanda juu ya asilimia 95.

Na utando una bendi yake, yaani eneo la urefu wa mawimbi uliotengenezewa. Niliwahi kuitwa mahali ambapo kamera mpya ilikuwa ikitoa picha iliyofifia, na mafundi walikuwa wameshaanza kuilaumu sensa. Tulipoitoa kamera nje ya kasha lake, picha ilikuwa kali. Dirisha la kasha lilikuwa gerimani kweli, lililong'arishwa vizuri, ila muuzaji alikuwa ameleta lenye utando wa mikromita 3 hadi 5 kwa kamera ya 8 hadi 14. Kwa macho huwezi kuyatofautisha kwa uhakika. Dai grafu ya upitishaji ya kundi lile lile la utando unaouziwa, ambayo inaonyesha asilimia kwa kila urefu wa wimbi, na uiweke pamoja na kumbukumbu za kifaa.

Kama dirisha litakaa nje, penye mchanga, chumvi ya bahari au kufutwa mara kwa mara, upande wa nje uwekewe utando mgumu wa kaboni unaofanana na almasi. Unapunguza upitishaji kidogo ukilinganisha na utando laini, upitishaji wa jumla ukiangukia karibu na asilimia 90, lakini unadumu. Upande wa ndani uache na utando wa kawaida. Mgawanyo huo ndio ninaoupendekeza karibu kila mara.

Sasa turudi kwenye joto, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza ni fokasi, mahali miale inapokutana na kufanya picha kali. Indeksi ya gerimani hubadilika kwa takriban 0.0004 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Namba hiyo inaonekana ndogo hadi uifanyie hesabu. Chukua lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 100, ambayo asubuhi iko kwenye nyuzi 10 na mchana, ndani ya kasha lililopigwa na jua, iko kwenye nyuzi 50. Fokasi yake imesogea karibu nusu milimita. Bomba la alumini linaloishika nalo limerefuka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa upande unaozidisha tatizo. Wakati huo huo, lenzi yenye tundu kubwa la f/1 (kipenyo chake ni sawa na urefu wa fokasi) kwenye mikromita 10 inakuvumilia mikromita 20 tu mbele na nyuma ya fokasi sahihi. Yaani umetoka nje ya nafasi yako zaidi ya mara ishirini. Picha haitakuwa imefifia kidogo. Itakuwa ukungu mtupu.

Dawa zipo. Unaweza kuweka mota ya kurekebisha fokasi. Unaweza kutengeneza bomba la metali mbili au la plastiki na metali, linaloisogeza lenzi lenyewe kadiri joto linavyopanda. Unaweza pia kuchanganya gerimani na kioo cha kalkojenidi, kioo cha seleni chenye aseniki, antimoni au gerimani kidogo, ambacho indeksi yake huyumba kwa sehemu ya kumi hivi ya ile ya gerimani. Kwa lenzi isiyo na mota, njia hii ya mchanganyiko ndiyo ninayoiamini zaidi. Kwa lenzi fupi ya milimita 5 au 10 tatizo ni dogo na mara nyingi huhitaji kufanya lolote. Kwa dirisha bapa fokasi haina shida kabisa, alimradi dirisha lote liwe na joto sawa.

La pili ni giza. Gerimani ni nusu-kipitishi cha umeme, na pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuiachia elektroni huru, ni dogo, karibu elektronivolti 0.67. Ikipata moto, elektroni nyingi huachiwa huru, na kila moja huacha nyuma yake tundu lenye chaji chanya. Elektroni na matundu hayo hunyonya miale ya infraredi. Kuanzia karibu nyuzi 80 anza kuwa na wasiwasi. Kwenye nyuzi 100 upotevu ni wa wazi, hasa kwa kipande kinene. Ukifika kati ya 200 na 300, dirisha limekuwa ukuta. Likipoa hurudi kama lilivyokuwa, na hapo ndipo mafundi huchanganyikiwa: kasoro inaonekana tanuru likiwaka, inatoweka wakati wa ukaguzi.

Kwa kazi za kupima joto hatari ni kubwa zaidi kuliko kwa kazi za kutazama tu. Dirisha lililopata moto halipunguzi miale ya kitu unachokipima peke yake. Lenyewe pia linaanza kutoa miale yake, na kamera haiwezi kujua ipi ni ya nani. Ukiweka kwenye kamera thamani ya upitishaji ya asilimia 95 iliyopimwa kwenye chumba cha baridi, huku dirisha liko nyuzi 110, namba unazosoma si joto la kitu chochote. Penye moto wa namna hiyo, chagua zinki salfidi au zinki selenidi, au lipoze dirisha kwa hewa na ulisogeze mbali na tanuru.

Leza ya kaboni dioksidi ni mfano mwingine wa shida hiyo hiyo. Kwenye mikromita 10.6 gerimani hunyonya kidogo, inapata moto, kwa sababu ya moto inanyonya zaidi, na mzunguko unajilisha wenyewe hadi lenzi inaharibika. Kwa wati chache inafaa. Kwa leza ya kukatia, tumia zinki selenidi, ambayo hunyonya kwa makumi ya mara chini ya hapo na hupitisha pia mwanga mwekundu, hivyo leza nyekundu ya kulengea inapita njia ile ile. Kumbuka tu kwamba zinki selenidi ni laini, inakwaruzika upesi, na vumbi lake ni sumu. Ikivunjika, usiifagie kama kioo cha kawaida.

Silikoni niitaje kwa kifupi: kwa mikromita 3 hadi 5 ni nafuu, ngumu, na densiti yake ni 2.33 dhidi ya 5.33 ya gerimani. Kwenye ndege ndogo isiyo na rubani, tofauti hiyo ya uzito inahesabika. Ikiwa bendi yako ni hiyo, huna sababu nzito ya kuanza na gerimani.

Kuhusu ubora wa gerimani yenyewe, andika kwenye oda yako kwamba unataka aina ya N, yaani ile iliyotiwa antimoni kidogo, yenye ukinzani wa umeme kati ya ohmu-sentimita 5 na 40. Antimoni huongeza elektroni na kuyapunguza yale matundu, ambayo ndiyo hunyonya infraredi zaidi. Kwa lenzi ya picha, omba fuwele moja, yaani kipande kizima kiwe fuwele moja isiyo na viungo ndani. Kwa dirisha, fuwele nyingi mara nyingi inatosha. Na usiagize unene usiouhitaji, maana kila milimita ya ziada ni uzito, ni fedha, na ni giza zaidi siku ya joto.

Fedha si jambo dogo hapa. Gerimani haina migodi mingi yake peke yake. Hupatikana zaidi kama mabaki ya usafishaji wa zinki na kwenye majivu ya baadhi ya makaa ya mawe. China ndiyo mzalishaji mkuu, na tangu Agosti 2023 mauzo yake ya nje yanahitaji leseni. Desemba 2024 ilipiga marufuku kuiuzia Marekani, na Novemba 2025 ikaisimamisha marufuku hiyo kwa muda. Bei imepanda sana katika kipindi hicho. Kama unasanifu kitu kitakachozalishwa kwa miaka mingi, chora mapema toleo la pili lenye kioo cha kalkojenidi. Mabaki ya kuchonga nayo yasitupwe, kwa kuwa yanarudishwa kiwandani na kusafishwa upya.

Wakati wa kufunga, usiibane gerimani chuma kwa chuma. Alumini hutanuka karibu mara nne kuliko yenyewe, na gerimani haipindi, inavunjika, tena kwa makali yanayokata vidole. Weka mpira au gundi laini ya silikoni (si ile silikoni ya lenzi), acha nafasi pembeni, na kingo zote zipunguzwe makali kabla ya kufika mkononi mwako. Dirisha bapa mbele ya kamera yenye sensa iliyopozwa liinamishwe nyuzi chache, la sivyo sensa itajiona yenyewe kama doa jeusi katikati ya picha.

Siku mzigo unapofika, vaa glavu na ushike kipande kwa kingo. Tazama utando chini ya taa kali kwa pembe, utafute madoa na sehemu zilizobanduka. Kisha kiweke mbele ya kamera ukielekea kitu chenye joto lisilobadilika, sufuria ya maji yanayochemka kwa mfano, na ulinganishe usomaji ukiwa na dirisha na bila dirisha. Baada ya hapo kipashe dirisha joto hadi kiwango cha juu kabisa ambacho kifaa chako kitakutana nacho, na urudie kipimo kile kile kabla hujasaini hati ya kupokea.