Wadogo zangu wa maabara, ile sentensi ifuteni

Jana dogo mmoja kaniletea manuskripti niipitie, nimefika mwisho nikakuta kaandika eti sikwensi (mpangilio wa herufi za DNA) zinapatikana kwa kumwomba mwandishi. Nikafunga laptopu nikaenda kunywa chai. Na huyo huyo asubuhi alikuwa ananiuliza h-indeksi yake (alama ya jinsi peipa za mtu zinavyosaitiwa, yaani kutajwa na wengine) itafika 5 lini! Ngoja niseme basi, wale mnaokijua kisa changu mnivumilie.

1. Jina. Chagua moja ufe nalo. Mimi peipa ya kwanza nimetokea na jina la baba, ya pili na la babu, ya tatu mhariri akageuza la mbele likawa la nyuma, Google Scholar inayohesabu peipa za watu ikaamini sisi ni watu watatu na wote hali mbaya. ORCID, namba moja ya kumtambulisha mtafiti, ni bure tangu 2012, kajisajili.

2. Sikwensi ziende GenBank, hazina ya sikwensi iliyo wazi kwa wote, kabla hujasabmiti peipa. Hapa ndo nina kidonda. Wakati wa masta nilizunguka Mkuranga na Muheza kukusanya majani ya muhogo yenye ugonjwa wa batobato unaoletwa na virusi, siafu wameniuma mpaka basi, nikatoa DNA kwa dawa ya CTAB, nikapiga PCR (kuirudufisha) ya jeni la koti, lile ganda la protini la kirusi, sampuli 46 zikasoma vizuri kabisa. Kazi ilikuwa nzuri jamani, sijisifu. Supavaiza akasema dipoziti, yaani ziweke GenBank, mimi nikajiona mjanja, nikawaza nikiziweka kule kuna watu watazibeba wanitangulie. Kumbe GenBank yenyewe unaiambia izifiche mpaka tarehe unayotaka, ila nani alisoma maelekezo? Nikaandika ile sentensi na jarida lenyewe halikuuliza kitu.

Miezi minne baadae dada mmoja mwanafunzi wa Nigeria kaniandikia imeili, anajenga mti wa ukoo wa virusi vya batobato, anaomba zangu aziingize. Nikamjibu kwa mbwembwe, nitakutumia wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo hiyo laptopu ikaibiwa kwenye daladala. Sawa, kampuni iliyosoma sikwensi ilinitumia linki, kufungua linki imeshakufa zamani. Sawa, DNA si ipo friza, nitasomesha upya. Nikatoa boksi. Maka niliyoandikia haikuwa ya kuhimili ethanoli, vifuniko vyote vyeupe peee. Tyubu 46 na hakuna anayejua ipi ya Muheza ipi ya Mkuranga. Nikakaa chini sakafuni pale pale, fundi wa maabara akadhani nimefiwa, akaniletea soda.

Yule dada sijamjibu mpaka leo. Aliandika mara mbili tena, ya mwisho hata salamu hakuweka. Baadae kundi lingine likarudi wilaya zile zile, wakadipoziti kila kitu, sasa hivi kila anayegusa batobato ya huku anawasaiti wao. Na mimi wamenisaiti, haki ya Mungu, sentensi moja tu: kuna kazi ya mwanzo ila sikwensi zake hazikupatikana. Peipa yangu ina saitesheni 9, hiyo ni mojawapo, 4 nimejisaiti mwenyewe. Zilizobaki msizichunguze.

3. Mnakimbilia ugunduzi mkubwa wakati peipa iliyosaitiwa kuliko zote duniani ni ya kupima protini tu, Lowry na wenzake, 1951, zaidi ya mara 300,000. Laemmli 1970 alikuwa anahangaika na kichwa cha kirusi T4, watu wakachukua jeli yake ya kutenganisha protini, hicho kichwa hamna anayekiulizia. Na nyie wa qPCR, ile PCR ya kupima kiasi, wote mnamsaiti Livak na Schmittgen 2001 kwa fomula yao na peipa yenyewe hamjawahi kuifungua, msibishe nawajua. Kwa hiyo metodi andika kama mtu anataka kuipika kwake: praima (vipande vya DNA vya kuanzishia PCR), joto, mizunguko. Mambo ya "kama ilivyoelezwa awali", ukienda huko awali nako unakuta "kama ilivyoelezwa awali", huo ni uhuni.

4. Excel inageuza majina ya jeni kuwa tarehe, mpaka 2020 ikabidi jeni SEPT2 ibadilishwe iitwe SEPTIN2. Wiki iliyopita mtu kaniletea jedwali lina "2-Sep" na alikuwa anatetea tasnifu.

5. Jarida likikuita profesa mheshimiwa na wewe bado una deni la ada, futa hiyo imeili.

6. h-indeksi kailetea Hirsch 2005, mwanafizikia, wala hakuwa mtu wa pipeti. Ili ufike 5 lazima uwe na peipa 5 ambazo kila moja imesaitiwa angalau mara 5, we unazo 2, sasa unarifreshi nini kila asubuhi?

Maka za kuhimili ethanoli zipo droo ya pili kutoka juu, nimenunua kwa hela yangu, mkimaliza rudisheni.