Maswali yenu kuhusu Kabala: uchawi, miaka 40, dola 36 na golem

Nikigusia tu hii elimu ya siri ya Kiyahudi meseji zinamiminika, kwa hiyo leo najibu chache.

Kabala si ndo uchawi wa Kiyahudi? Mchungaji katuambia tusiguse hata kidogo. (Mbeya)

Hapana bwana. Neno lenyewe maana yake ni kupokea, mzizi wake ndo huohuo wa hili "kubali" letu tulilopewa na Waarabu. Hawa ni watu wanaosali, wanashika Sabato, wanasoma Torati, halafu wakifika mwisho wa aya wanauliza humu ndani kuna nini tena. Kitabu chao kikubwa ni Zohar, kiliibuka Hispania mwishoni mwa miaka ya 1200 mikononi mwa Moses de León, yeye akasema kimeandikwa na rabi wa karne ya 2. Karne ya 20 akaja Gershom Scholem, msomi mzaliwa wa Berlin aliyehamia Jerusalem, akachambua kile Kiaramu chake akasema hapana, sehemu kubwa kaandika Moses mwenyewe. Waumini wengi hawajamwelewa mpaka leo. Hirizi zipo, sikudanganyi, kama vile pwani kulivyo na kombe, yale maandishi yanayooshwa watu wakayanywa, ila hizo ziko pembeni.

Eti ukisoma kabla ya miaka 40 unarukwa na akili? Mi nina 27. (Kisumu)

Akili sijui, lakini marufuku ilikuwepo kweli. Mwaka 1665 mtu anaitwa Sabbatai Zevi alitangazwa Masihi kwa hoja za Kabala, Wayahudi nchi nyingi wakapagawa, wengine wakauza mali wamfuate, 1666 akaitwa mbele ya sultani wa Waothmani na akatoka huko Mwislamu. Fikiria hiyo aibu. Marabi wakawa wakali, na mwaka 1756 kule Brody, mji wa Poland ya enzi hizo, wakapiga marufuku, Zohar mpaka ufike 30, mafundisho ya Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala wa karne ya 16, mpaka 40. Sasa kichekesho ni kwamba Luria mwenyewe alifariki Safed, mji wa Galilaya, mwaka 1572 akiwa na miaka 38, yaani asingeruhusiwa kujisoma.

Kuna video inasema Kabala ilijua habari za mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu (Big Bang) kabla ya wanasayansi. Ni kweli? (Dodoma)

Mnapenda sana hizi video jamani. Luria alikuwa anahangaika na swali jingine kabisa: kama Mungu amejaa kila mahali, dunia itakaa wapi? Jibu lake ni tsimtsum, Mungu alijibana. We umepanda daladala, imejaa, konda anapiga kelele "jibaneni huko nyuma", watu wanajikunja na ghafla panatokea nafasi ya mtu mmoja. Ndo hivo, ila hapa aliyejibana ni Yule aliyejaa kote, na nafasi ile ndo sisi. Kisha mwanga ukamiminwa kwenye vyombo, vyombo vikapasuka, cheche zikatawanyika kila kona, na kazi ya binadamu ni kuziokota kwa sala na kwa kushika amri, hiyo inaitwa tikun, yaani kutengeneza kilichoharibika. Scholem aliona hapo kilio cha watu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, wako wanahistoria wanambishia, ila mi naona inaingia akilini kuliko kuitafutia fizikia. Siku hizi Marekani ukijitolea kufanya usafi ufukweni wanakwambia unafanya tikun. Sio mbaya, lakini Luria hakuwa anawaza plastiki.

Uzi mwekundu mkononi unazuia husda? (Mombasa)

Ni desturi tu ya kukinga jicho baya, Madonna ndo kaufanya maarufu. Ukiupenda vaa, urembo hauna kesi.

Bosi wangu Myahudi huku New Jersey kanipa bahasha ya harusi ina dola 36. Mbona asimalizie tu 40? (New Jersey)

Hahaha, usimlaumu, kakuombea uhai mara mbili! Herufi za Kiebrania ni namba pia, kama abjadi walimu wetu wa pwani wanavyoijua. Neno lao la "hai" ni ndugu wa hili letu, sisi tumelipata kwa Kiarabu, binamu wa Kiebrania, na herufi za lao ni 8 na 10, jumla 18.

AI ndo yale madude ya udongo ya marabi? (Arusha)

Golem! Kwenye stori rabi anafinyanga mtu wa udongo, anamwandika kwenye paji la uso *emet*, ukweli, dude linasimama linachota maji, linatumwa kila kazi. Likizidi ukorofi anafuta herufi ya kwanza, alefu, inabaki *met*, amekufa. Sikiliza tena, met, maiti, ukoo mmoja. Mwaka 1965 Israeli walizindua kompyuta mpya pale Rehovot, na jina lake likatoka kwa Scholem yuleyule: Golem Alefu. Akaenda kutoa hotuba, akamalizia kwa kuiambia ile mashine na aliyeitengeneza wakue kwa amani, wasiiharibu dunia. Herufi ya kufuta hakuwaonyesha.