Mgeni Aliyepewa Jembe

Mwanangu,

Uliniuliza iliwezekanaje wale Wahungaria wa Brazil, mke na mume, wakae nyumba moja na Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, wasijue ni yeye. Kutojua kwao kulidumu kama miaka miwili. Waliishi naye takriban kumi na mitatu. Wewe umeniuliza ile miwili, nami inayonikosesha usingizi ni hii mingine.

Haya, tuanze na yako. Hakuvaa ndevu za bandia. Unajua ninavyosema siku zote: mgeni mwenye manufaa haulizwi alikotoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema umkague karatasi kwanza. Mwaka 1961 Mwaustria waliyefahamiana naye, Wolfgang Gerhard, aliwapelekea mtu aliyejiita Peter Hochbichler, Mswisi, ajuaye mambo ya shamba. Shamba lao lilikuwa Nova Europa, karibu kilomita 300 kutoka São Paulo. Mume alikuwa mpima ardhi, siku nyingi hayupo nyumbani. Msimamizi walimhitaji kweli. Uongo ule ulisimama juu ya mafiga matatu: mdhamini wanayemjua, utaifa ambao hauulizwi ulifanya nini vitani, na kazi iliyokuwa ikingoja mtu.

Karatasi zilikuwa na kisa chake. Mengele alivuka bahari kutoka Genoa, Italia, kwenda Argentina mwaka 1949 kwa hati ya kusafiria ya Msalaba Mwekundu, jina Helmut Gregor. Mwaka 1956 akaenda ubalozi wa Ujerumani Magharibi, Buenos Aires, akataja jina lake halisi, akapewa pasipoti! Hilo marehemu baba yako alikuwa akilicheka. Mimi halijawahi kunichekesha. Kilichomrudisha mafichoni ni kukamatwa kwa Eichmann, Mnazi mwenzake, Buenos Aires Mei 1960.

Mwaka 1962 wakahamia Serra Negra, shamba la hekta 45 hivi, kahawa na ng'ombe, na nusu ya fedha za kulinunua zilikuwa zake. Hapo ndipo pa kutazama. Mgeni amekuwa mbia. Kumtoa ni kuuza shamba, na kuuza kunataka ukubaliane naye. Wakati huo amekwisha kuwaamrisha vibarua kama mwenye mali, na amejenga mnara wa mbao apate kuchungulia njia ya kuingilia.

Sasa walivyomjua. Siku moja gazeti lilikuwa na picha ya Mengele akiwa kijana, na mama mwenye nyumba akaitazama. Uso ulikuwa umebadilika, lakini lile tabasamu alikuwa akiliona kila siku, na mwanya ule wa meno ya mbele. Jina unaweza kubadilisha, mwanya unaondoka nao. Akamwonyesha. Mwanzoni mgeni hakusema kitu, baadaye akakiri. Walipomlalamikia Gerhard, aliwakumbusha wawafikirie watoto wao. Kisha akaja mjumbe wa ukoo wa Mengele kutoka Ujerumani, na dola mkononi.

Baba yako alisema, mezani pale pale unapopajua: "Angekwenda polisi asubuhi hiyo hiyo." Nikamjibu kwamba mama yule ana wana wawili, mume yuko safarini, na mtu mwenyewe yuko chumba cha pili. Akasema, "Unamtetea." Simtetei! Lakini hofu ya wiki moja naielewa, hata ya mwaka. Mwaka 1969 waliuza Serra Negra wakanunua Caieiras, na wakamchukua tena. Hapo hofu peke yake hainitoshi. Mtu akiogopa nyoka hahami naye. Halafu najijibu: fedha zake zilikuwa humo ndani, angeachwaje? Halafu najijibu tena. Ndivyo ilivyo tangu siku ile, na baba yako hayupo wa kubishana naye.

Waliachana naye katikati ya miaka ya 1970. Familia nyingine ikampokea, nayo ilijua. Tayari alikuwa na kitambulisho cha Gerhard, aliyerudi Austria mwaka 1971; picha ilibadilishwa, ingawa Gerhard alikuwa mdogo kwake kwa miaka 14. Februari 7, 1979 alifia baharini Bertioga akiogelea, akazikwa Embu, huko huko Brazil, kwa jina hilo la Gerhard. Gerhard mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo kwa karatasi alikufa mara mbili. Barua zilizokutwa nyumbani kwa yule mjumbe, Ujerumani, Mei 1985, ndizo zilizowafikisha polisi kaburini. Vipimo vya DNA vikathibitisha mwaka 1992. Miaka sita waliomzika walinyamaza, na maiti haimtishi mtu.

Hao wa familia ya pili nakuhukumia bila kusita. Yule mama wa gazeti, hapana. Niliandika neno moja hapa nikalifuta. Ukija tutaligombania, ukae kiti cha baba yako.

Mama yako